Shawa ya Wati 5500 Haitaki Waya wa Balbu

Wadau wa Athi River, tuache kulaumu stima kila waya unapoungua. Tulaumu uvivu wa kupiga hesabu.

Wati ni volti mara ampea. Stima ya Kenya ni volti 240. Shawa ya wati 5500 gawanya kwa 240: karibu ampea 23. Plagi yetu mwisho wake ni 13! Ukinzani wa shawa? 240 gawanya kwa 23, omu 10 na kitu.

Sasa fundi anaifunga kwa waya wa taa, milimita 1.5 za mraba, eti "utavumilia". Mita 10 za waya huo, kwenda na kurudi, ni omu 0.24 hivi. Piga 23 mara 23 mara 0.24: wati 127 za joto ndani ya ukuta, watoto wakioga.

Mimi naandika programu, na hii haihitaji programu. Kikokotoo cha simu kinatosha. Mpangaji, soma kibandiko cha shawa, gawanya kwa 240, kisha muulize mwenye ploti unene wa waya. Akikasirika, jibu umelipata.