ZIPU IKIHARIBIKA, TUANZE NA KOLEO



Kila wenzetu wanaposhuka Kariakoo na mazao, hawakosi maagizo ya zipu. Huyu suruali, yule sketi ya mtoto ya shule, mwingine mkoba. Zipu ikifika, mara fupi, mara nene. Inarudi kabatini, na mtoto anaendelea kwenda shule ameshikiza sketi kwa pini, madaftari kayakumbatia kiunoni asichekwe. Jambo hili si dogo. Mtoto anayeona haya hanyooshi mkono darasani.

Sisi tunasema: zipu nyingi tunazozing'oa bado ni nzima. Kilichochoka ni kichwa, yaani kile kidude kinachopanda na kushuka. Kazi yake ni kuyabana meno ya pande mbili yashikane. Kikitumika sana kinapanuka, basi unapandisha, na nyuma yake zipu inaachia. Meno hayana kosa! Kanuni hiyo ni ile ile tangu Gideon Sundback alipoitengeneza zipu ya namna hii huko Marekani mwaka 1913. Hakuna uchawi ndani yake.

Hebu tufanye hivi. Shusha kichwa mpaka chini kabisa. Chukua koleo, bana ubavu wa kulia kwa nyuma, kule meno yanakotokea yakiwa yameshikana, kisha ubavu wa kushoto. Bana kidogo, jaribu, bana tena. Ukitumia nguvu za kupasulia kuni kitapasuka, maana vichwa vingi ni vya madini mepesi.

Zipu ikiwa ngumu, isugue kwa mshumaa au kipande cha sabuni kikavu. Kichwa kikichomoka, fumua mshono wa chini, ingiza ncha mbili za zipu kila moja katika mdomo wake, zivute sawasawa, halafu shona kwa sindano mara kadhaa pale chini kiwe kizuizi. Meno yaking'oka katikati, hapo ndipo tukubali: zipu mpya.

Na tukiagiza, tuagize kwa akili. Nyuma ya kichwa mara nyingi pana namba, kama 3 au 5. Mpe msafiri namba hiyo, mwambie kama meno ni ya chuma au plastiki, na kama ni zipu nzima, mpe na urefu. Afadhali zaidi abebe kile kibovu akakilinganishe dukani. Mara nyingine kichwa peke yake kinatosha.

Wapo wanaosema, eti mtumba ni rahisi, nunua nyingine. Nguo moja ni rahisi, lakini nguo tatu kwa mwaka kwa sababu ya kichwa cha zipu, hesabu yake mnaijua. Wengine wanauliza, fundi atakula nini? Fundi wetu ana sare za kushona na nguo za sikukuu. Kubana zipu si kazi inayomshibisha, inamkatiza tu kwenye cherehani. Zipu nzima ya kubadilisha bado tutampelekea.

Tena wenzetu wanaobeba fedha za mauzo wasikilize. Kariakoo ina msongamano, watu wanapita bega kwa bega. Mkoba usiofunga kule ni kumkaribisha mwizi. Fedha iliyomo si ya mtu mmoja, ni jasho letu sote. Basi zipu ya mkoba ikaguliwe kabla ya safari, siyo stendi.

Tunapendekeza ushirika ununue koleo moja likae dukani kwetu, pamoja na vichwa vichache vya namba zinazotumika sana. Anayejua amfundishe asiyejua, wanaume kwa wanawake, maana suruali za wanaume ndizo zinazoongoza kwa kuachia. Jambo hili tuliweke kwenye ajenda ya mkutano ujao. Mnaonaje?

Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sisi wa Kamati ya Gazeti la Ukutani