Shahada ya Mayim Bialik na Sabato Yake

Wapo wanaoshangaa kwamba Mayim Bialik, aliyeigiza Amy katika tamthilia ya The Big Bang Theory, anashika dini ya Kiyahudi ilhali ana shahada ya uzamivu katika sayansi ya neva, aliyotunukiwa na UCLA mwaka 2007. Mshangao huo hauna mashiko. Tasnifu hupimwa kwa ushahidi wake. Mimi, katika utetezi wangu, sikuulizwa ninasali wapi. (Wanafunzi ndio huniuliza, baada ya mhadhara.) Makala yake ya Oktoba 2017 kuhusu mavazi ya staha ilionekana kuwalaumu wanawake walionyanyaswa, ikakosolewa kwa haki, naye akaomba radhi. Waliomkosoa walijibu alichoandika. Anayehoji Sabato yake anajibu nini?