Shule kufunguliwa Juni 29, 2020: Mzazi wa mtoto mdogo ana swali lake

Tangazo la Rais wa wakati huo, Dkt. John Magufuli, alilolitoa jijini Dodoma Juni 16, 2020 wakati akilifunga Bunge la 11, lilihitimisha subira ya miezi mitatu. Shule zilizosalia zilipangiwa kufunguliwa Jumatatu, Juni 29, 2020. Kwa mwanafunzi wa darasa la saba, tangazo hilo halikuhitaji tafsiri. Kwa mzazi ambaye mtoto wake wa miaka mitatu hushinda katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, liliibua swali jingine, kwa kuwa mtoto huyo hakuwa na mtihani uliomsubiri wala sheria iliyomlazimu kurejea siku hiyo.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipotangaza Machi 17, 2020 kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa COVID-19 kuthibitishwa nchini, malezi ya mchana yalirudi mikononi mwa familia. Wapo waliopeleka watoto kijijini kwa bibi, wapo waliowaachia dada wa kazi, na wapo waliokwenda nao gengeni. Kwa hiyo kauli kwamba mtoto asiyekwenda kituoni yuko salama inahitaji kupimwa. Mtoto anayeshinda sokoni mgongoni mwa mama yake hukutana na watu wengi kuliko anayecheza na wenzake kumi walewale kila siku.

Denmark imeshapita njia hii. Nchi hiyo ilifungua vituo vya watoto na madarasa ya chini Aprili 15, mapema kuliko nchi nyingi za Ulaya, na baadhi ya wazazi walipinga wakisema watoto wao si wa kufanyiwa majaribio. Watoto waligawanywa katika vikundi vidogo visivyochanganyika, wakashinda nje kwa sehemu kubwa ya siku na kunawa mikono mara kwa mara, huku wazazi wakiishia getini. Maambukizi hayakupanda kama ilivyohofiwa. Denmark ina fedha ambazo kituo cha Mbagala au Makambako hakina, lakini kivuli cha mwembe hakinunuliwi, na kikundi cha watoto kumi na mlezi wao mmoja ni suala la mpangilio zaidi ya bajeti.

Mzazi basi alikuwa na haki ya kwenda kituoni kabla ya tarehe 29 na kuuliza. Je, maji tiririka na sabuni vipo hadi jioni, au ni asubuhi tu wageni wanapopita? Watoto wanalala wangapi katika chumba kimoja, na madirisha yanafunguka? Je, mlezi akiugua atalipwa akibaki kwake, au atalazimika kuja akikohoa? Swali hili la mwisho huulizwa mara chache, ingawa mtoto wa umri huo hubebwa, hulishwa na hufutwa kamasi, na hawezi kuambiwa akae mbali na mlezi wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe. Penye shaka, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuonwa.

Nyumba yenye babu mwenye kisukari au shinikizo la damu ina hesabu yake. Watoto wengi hupata dalili nyepesi, lakini wazee walio nao chini ya paa moja ndio walio hatarini, na familia ya namna hiyo haistahili kulaumiwa ikisubiri wiki kadhaa.

Ugumu zaidi ulitarajiwa kuja baada ya kufungua. Juni na Julai ni miezi ya baridi, na mafua ya watoto ni ya kawaida Njombe na Mbeya hata pasipo Corona. Kituo kitasema mtoto mwenye homa asiletwe. Mama anayelipwa kwa siku, asiye na wa kumwachia mtoto, anaweza kumpa dawa ya kushusha homa alfajiri na kumpeleka hivyo hivyo. Kituo kinachorudisha ada ya siku ambazo mtoto aliugua, na majirani wawili wanaokubaliana mapema nani atabaki na watoto, huondoa sababu ya kuficha homa hiyo.