Bibi Apimwe Nguvu, Siyo Umri

Nimepotea kidogo, wikiendi yote nilikuwa Ilala Bungoni kwenye kikao cha familia. Bibi yetu mzaa mama, miaka 74, amegundulika ana saratani ya titi na ameambiwa habari za kemotherapi. Mjomba akashika kikao: "Mama kazeeka, msimtese na madripu." Mama analia tu. Bibi mwenyewe yuko uani anatuchujia chai, hakuna aliyemwita!

Nilikasirika jamani. Huyu bibi anakwenda Kariakoo kwa miguu kununua nazi. Mtaa huohuo kuna mama wa miaka 61, kuinuka kwenye kigoda mpaka ashikwe mkono. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliwahesabu wote wazee, maana ilianzia 60. Sasa dripu ileile itawakuta sawa?

Kumbe kuna tathmini ya wazee kabla ya kemotherapi, wala haitaki mashine. Unainuka kwenye kiti, unatembea mita 3, unageuka, unarudi kukaa, wanahesabu sekunde. Wanauliza: umepungua kilo? Umeanguka karibuni? Kumbukumbu vipi? Unameza dawa gani nyingine? Nyumbani nani anakuangalia? Marekani waliwafuatilia wagonjwa 718 wa miaka 70 na zaidi, saratani zimeshasambaa, matokeo yakatoka 2021. Ambao madaktari wao walipewa majibu ya tathmini na ushauri, asilimia 51 walipata madhara makali. Wengine, 71. Lile kundi la kwanza walioanza na dozi ndogo walikuwa wengi zaidi kuliko kundi la pili, na baada ya miezi 6 walio hai hawakupishana sana.

Najua mtasema Ocean Road inapokea watu wa nchi nzima, daktari atapata wapi saa nzima ya bibi mmoja? Lakini lipo dodoso la maswali 8, dakika chache tu, hata nesi anauliza. Anayeonekana dhaifu ndiye apimwe kwa kina. Sisi walimu watarajiwa si tunaambiwa mpime mwanafunzi kabla hujamfundisha?

Jumatatu nampeleka mimi. Nimeandika kwenye daftari dawa zake zote za presha, pamoja na ile mizizi anayokunywa kwa siri (samahani bibi!). Nilipomuuliza mwenyewe anatakaje, akasema kwanza aambiwe itamlaza siku ngapi, ana biashara yake ya vitumbua. Mjomba kanuna mpaka leo.

Haya, kesho nina testi ya saikolojia na notsi sijazigusa.