Mkuki kwa Mbarbaig kosa, kwa mtalii zawadi!

Na Mwandishi Wetu, Babati

HIVI hii ni sheria ya wapi? Mfugaji wa Kibarbaig akishuka kutoka Hanang na mkuki wake, akaingia stendi ya Babati, macho yote ni kwake. Mgambo anamsimamisha, askari anamhoji. Ukizuka ugomvi wa wakulima na wafugaji, wakubwa hukimbilia kipaza sauti kupiga marufuku "silaha za jadi".

Lakini mkuki huo huo ukipakiwa kwenye Land Rover ya mtalii aliyetoka Tarangire, unabadilishwa jina. Sasa ni "sanaa". Ni "kumbukumbu ya Afrika". Mgambo yule yule anapunga mkono: karibu tena!

Wahenga walishasema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tuelewane, ndugu msomaji. Hatugombi na mhunzi. Wahunzi wa Kidatoga kule Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, wanafua vyuma chakavu kuwa vichwa vya mishale na bangili za kuwauzia wageni. Hiyo ni kazi, ni jasho lao, na wauze mpaka mgeni aishiwe dola. Tunachogombea ni mkuki wa zamani, ule babu alioupokea kwa babu yake, unaotoka nyumbani kwa sababu ya njaa ya wiki moja, ukauzwa kwa bei ya raba za mtumba.

Na anayekwenda kuuchukua kwa mzee si Mzungu. Ni sisi vijana wa kijiweni! Tunajiita madalali, tunamzunguka mzee kwa maneno matamu, tunamwachia vijisenti, faida tunaimaliza kwa bia usiku huo huo. Kesho mtoto wake atakwenda kuuona mkuki huo Ulaya, tena kwa kiingilio!

Wapo watakaosema: mkuki ni chuma na mti tu, kelele za nini? Basi na tusome historia. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikifyeka kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski. Mikuki ilishinda bunduki siku ile. Mkwawa alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe, Wajerumani walibeba hata kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza fuvu lirudishwe ndani ya miezi sita. Lilirudi Kalenga mwaka 1954! Kama fuvu la mtawala mwenye jina, lililotajwa kwenye mkataba wa dunia, lilichukua miaka 56 kurudi, mkuki wa mzee asiye na jina, usio na risiti, utarudi lini?

Mikuki na mishale iliyotekwa katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, nayo ilisafirishwa Berlin, na mingine imo kwenye makumbusho ya huko mpaka leo. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa unyama ule. Viongozi wetu wakapiga makofi. Vizuri. Lakini ni akili gani hii ya kudai vilivyotoka kwa mlango wa mbele huku vingine vinatoka kwa mlango wa nyuma? Mjerumani wa zamani alichukua kwa bunduki. Wa leo anatoa noti, na sisi tunamshikia begi!

Sheria zipo. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na inataka kibali kabla kitu cha kale hakijavuka mpaka. Mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya vitu hivyo Tanzania iliuridhia mwaka 1977. Karatasi hazikosekani. Anayekosekana ni wa kufungua hilo begi na kuuliza.

Wala tusimlaumu mzee. Kule Basotu, malisho ya Wabarbaig yaligeuzwa mashamba ya ngano ya NAFCO kwa msaada wa Canada, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na trekta. Mtu aliyenyang'anywa ardhi hana cha kuuza isipokuwa kilichobaki ukutani.

Kwa hiyo tunasema hivi. Halmashauri ya Mji itenge chumba kimoja, kimoja tu, inunue silaha hizo kwa wazee kwa bei ya haki, na iandike jina la kila mwenye mali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Maofisa wa mipakani na viwanja vya ndege wadai kibali. Na mfugaji asidhalilishwe stendi kwa kitu ambacho mgeni anapigiwa saluti kwacho.

Nawe kijana wa kijiweni, mgeni akikuomba umtafutie mkuki wa zamani, mpeleke kwa mhunzi akanunue mpya. Wa babu uache ulipo!