Video za simu: kijana wa Kivu anaonekana, lakini pesa inapitia wapi?

Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira, kijana anayetaka kuwa mwanamuziki, mchezaji wa dansi ao mchekeshaji haanzi tena kwa kupeleka wimbo wake redioni na kungoja mtangazaji aupige. Anaanza na simu. Anatafuta ukuta wenye rangi nzuri, ao anashuka kando ya ziwa, rafiki anamshikia simu, na kabla ya usiku video iko kwenye TikTok, Facebook ao YouTube. Akirudi nyumbani anakuta maneno ni yaleyale: «Utakula like?» Wazazi waliolipa masomo mpaka diploma ya serikali wanaona mtoto anaruka-ruka mbele ya simu, na kwao huko ni kupoteza wakati. Akiwa msichana wanaongeza neno zito zaidi: kwamba hakuna mwanaume wa maana atakuja kumuposa.

Swali la wazazi si la ujinga. Linaomba jibu la kweli, na vijana wengi wenyewe hawana jibu hilo.

Tuanze na YouTube. Ili kupata sehemu ya pesa za matangazo, mtu anapaswa kuwa na wafuasi 1.000 na video zake ziwe zimetazamwa saa 4.000 katika miezi 12, ao video fupi ziwe zimetazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hayo ni magumu, lakini kuna watu wanayafikia. Ugumu mkubwa ni mwingine: mpango huo wa malipo una orodha ya nchi. Uganda imo, Tanzania imo, Kenya imo. Kongo haimo. TikTok nayo inawalipa watengeneza video katika nchi chache tu za Ulaya, Amerika na Asia, na hapo hata majirani zetu hawamo. Kwa hiyo kijana wa Beni na kijana wa Kampala wanaweza kutazamwa na watu sawasawa, mmoja akalipwa, mwingine akabaki na pongezi.

Njia ambayo wengi wanaitumia ni ndugu aliye nje. Akaunti ya malipo inafunguliwa kwa jina la kaka aliye Uganda, shangazi aliye Ubelgiji ao rafiki aliye Kenya. Mapato yakifika dola 10, Google inatuma barua ya karatasi yenye namba ya siri kwenye anwani ya mwenye akaunti (barua ya posta, kweli, katika mambo haya ya intaneti!), na pesa haitoki mpaka zifike dola 100. Nchi ya akaunti haibadilishwi. Ukitaka kuibadilisha, unafunga na kuanza upya. Maana yake, mbele ya kampuni, mwenye pesa ni yule ndugu. Akiwa mwaminifu, anatuma kwa M-Pesa ao Airtel Money. Asipokuwa mwaminifu, msanii hana mahali pa kushitaki, kwani hakuna karatasi yoyote inayosema kwamba kazi ile ni yake. Kama kuna jambo moja la kuandikiana mapema, hata kwenye karatasi ya daftari na sahihi mbili, ni hilo.

Basi wenye kucheka wana haki? Kwa upande wa kampuni za nje, ndiyo. Lakini wanahesabu mfuko usio wake. Msanii wa hapa halishwi na YouTube. Analishwa na arusi, na sherehe za kupokea diploma, na mwenye butiki anayetaka tangazo, na mashirika yanayotafuta wimbo ao igizo la kuhamasisha watu. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, Beni na Butembo ziliona nyimbo na vichekesho vingi vya kufundisha watu kunawa mikono na kukubali chanjo. Anayetoa kazi ya namna hiyo hamjui kijana. Anaomba tu: «Nitumie video yako nione.» Ile video inakuwa barua ya kuomba kazi, na asiye nayo haitwi.

Kuna pia hesabu isiyoonekana. Dakika moja ya video safi kutoka kwenye simu inaweza kufika mega 60 mpaka 130, na mega zinanunuliwa. Ndiyo sababu watu wengi hawatazami wimbo kwenye YouTube. Wanaupokea kwa WhatsApp, wanaurusha kwa Bluetooth, ao wanaununua kwa yule kijana mwenye kompyuta kwenye kona, anayechaji simu na kujaza nyimbo kwenye kadi. Wimbo unapigwa katika kila teksi ya mji, na kwenye YouTube unaonyesha watazamaji 800. Mzazi akiona 800 anacheka. Mwenye arusi, yeye ameusikia mara kumi.

Mfano unaopenda kutajwa na vijana ni Innoss'B, mtoto wa Goma. «Yo Pe» ya 2019, aliyoirudia pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, ilipita watazamaji milioni 100 kwenye YouTube. Lakini wanaomtaja wanaruka sehemu ya katikati. Alishinda shindano la Vodacom Superstar mwaka 2010, akiwa bado mtoto. Kutoka hapo mpaka «Yo Pe» ni miaka 9 ya studio, ya jukwaa na ya kuishi mbali na nyumbani. Video ilimfikisha mbali kwa sababu kulikuwa na dansi ambayo hata mtoto anaweza kuiga, na kwa sababu Diamond aliwaleta wasikilizaji wake. Simu peke yake haikufanya kazi hiyo, na kijana anayeacha masomo leo kwa kutegemea video tatu amesoma hadithi ya Innoss'B kutoka mwisho.

Wazazi wana woga mwingine, na huo hawausemi kwa sauti. Kuonekana hapa kwetu kuna bei. Mwaka 2021 tume ya taifa inayochuja nyimbo ilipiga marufuku «Nini tosali te» ya kundi la MPR la Kinshasa, na marufuku hiyo ikaondolewa muda mfupi baadaye kwa sababu ya kelele za watu. Kwa upande wa mashariki mambo yalikuwa mabaya kuliko hayo. Delcat Idengo, mwimbaji aliyewahi kufungwa kwa sababu ya nyimbo zake za kulaumu wakubwa, aliuawa kwa risasi mjini Goma tarehe 13 Februari 2025, wiki mbili hivi baada ya mji kuingia mikononi mwa M23. Mwezi huohuo TikTok na X zilizuiliwa nchini, na vijana wakaanza kufundishana kutumia VPN. Wakubwa kidogo walikumbuka siku 20 hivi za kukatwa intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 2018.

Benki za Goma zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, arusi zilipungua na mashirika mengi yakasimamisha kazi. Hata hivyo video hazikuisha. Zilibadilika. Wengi wa wale waliokuwa wanaimba juu ya bei ya unga, ya barabara na ya wakubwa wamehamia kwa mama mkwe, kwa mapenzi na kwa yule anayekopa sabuni kwenye butiki kila siku bila kulipa.