Sabuni nzito si lazima iwe sabuni ya nguvu



Vikundi vyetu vingi vinatengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwa chupa na kwa bidoni. Mteja akifika, kwanza anainamisha chupa. Sabuni ikishuka polepole kama asali, anasema ni ya nguvu. Ikitiririka kama maji, anaenda kwa jirani. Ndiyo maana tunaongeza chumvi, tena chumvi. Leo tuone chumvi inafanya nini.

Kinachoondoa mafuta ni Texapon. Kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ndani ya maji, chembe hizo zinajikusanya kuwa vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho: mikia ndani, vichwa nje. Vichwa vyote vina umeme wa aina moja, kwa hiyo vinasukumana. Chumvi inapunguza kusukumana huko. Vichwa vinakaribiana, vidonge vinarefuka kama nyuzi, na nyuzi zinashikana kama nywele zisizochanwa. Hapo sabuni inakuwa nzito.

Lakini kuna kipimo. Ukikipita, sabuni inarudi kuwa nyepesi, na chumvi nyingine itaiharibu zaidi. Ikitokea hivyo, tengeneza sabuni nyingine isiyo na chumvi, uchanganye hizo mbili kidogo kidogo.

Fanyeni hivi:

– Yeyusha chumvi katika maji kwanza, usiitupe kavu.
– Mimina kidogo, koroga, ngoja, tazama, ndipo uongeze.
– Usipime uzito sabuni ikiwa bado na joto, kwa maana joto linaifanya nyepesi. Ngoja ipoe.
– Andikeni kipimo katika daftari la kikundi.

Wengine wanatia unga wa CMC. Huo una minyororo mirefu inayovimba na kushika maji. Unaongeza uzito, lakini hauchukui nafasi ya Texapon.

Kwa hiyo mama anayepunguza Texapon na kuficha kwa chumvi, mteja atamjua kwenye sufuria ya kwanza yenye mafuta, na hatarudi. Siku ya soko, chukueni sahani mbili zilizopakwa mawese. Moja ioshwe kwa kijiko cha sabuni yenu, nyingine kwa kijiko cha sabuni anayotumia mteja nyumbani. Mwacheni ashike sahani kwa vidole vyake mwenyewe.